Jinsi mfereji wa stima ulivyotutenganisha huku Mukurweini

Wakuu, pokeeni salamu kutoka upande huu wa mlima. Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, nikicheka na kujifunza. Leo naleta wangu. Hauna mapenzi wala mganga. Una maji, maziwa na majirani, na yote nitakayoandika niliyaona mwenyewe au niliambiwa na aliyekuwepo. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mwenye chai aisogeze karibu, kwa sababu nitaeleza polepole. Wengi wananiambia naongea kama mwalimu. Nivumilieni.

Nina duka dogo la agrovet hapa Mukurweini. Nauza mbegu, chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe. Nyumbani ni chini kidogo ya mji, kwenye mteremko, ambako karibu kila boma lina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, kahawa kidogo na migomba.

Kwa wale ambao hawajawahi kufuga: ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni. Maziwa ya asubuhi hayana shida, lori la mnunuzi linapita mapema na kuyabeba. Ya jioni ndiyo yatima. Lori halipiti jioni, na ukiyalaza bila kuyapoza, asubuhi mnunuzi anayapima na kuyakataa.

Kwa hivyo miaka yote maziwa ya jioni tulikunywa, tukawapa ndama, na yaliyobaki tukampelekea jirani, ambaye naye alikuwa anatafuta wa kumpelekea yake.

Hapo ndipo anaingia shemeji yangu Nyokabi.

Ni mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye alituacha zamani kidogo. Nyokabi alibaki kwenye boma na mama yangu, nyumba zao zikitazamana. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya maziwa ya kijiji kila asubuhi na kuyapakia kwenye lori. Akawa na wazo moja tu kichwani: tupate cooler, yaani tangi la kupozea maziwa, ili maziwa ya jioni yalale baridi na asubuhi yapande lori pamoja na mengine.

Mnunuzi alikubali, lakini akaweka sharti. Maziwa ya jioni yakikutwa yameharibika mara kwa mara, atayaacha kabisa na hatarudi kuyajadili. Wekeni sharti hilo akilini.

Sasa cooler inataka stima ambayo haikatiki. Stima ya laini kubwa tunayo, lakini huku chini inakuja ikiwa imechoka, na mvua ikinyesha kidogo tu inapotea. Jenereta nayo inakunywa dizeli hadi faida yote inaisha.

Lakini tuna mto. Mto wetu unashuka kwa kasi kutoka milimani, na pale kwetu bonde lina mteremko mkali. Mradi mmoja ukatusaidia na mashine ndogo ya kuzalisha stima kwa maji. Kazi ya mikono ikawa juu yetu.

Niwaeleze jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu hadithi yote inakaa hapa.

Unazuia maji kidogo juu mtoni. Unayapitisha kwenye mfereji ambao haushuki sana, unazunguka tu na kilima. Mfereji unaishia kwenye tangi. Kutoka kwenye tangi maji yanaanguka ndani ya bomba kubwa hadi chini bondeni, yanazungusha turbine, ile mashine yenyewe, kisha yanarudi mtoni.

Yanarudi yote. Stima haimalizi maji, haiyanywi, inayaazima tu. Watu wa chini ya mto hawapungukiwi na chochote. Ndiyo maana ruhusa ya kutumia maji kwa stima huwa rahisi kuliko ya kunyunyizia shamba.

Watu husema stima ya maji ni ya bure. Si kweli, ndugu zangu. Anayetumia dizeli anahitaji kituo cha mafuta tu, hahitaji kuelewana na mtu. Anayetumia mto lazima aelewane na kila mtu anayeyagusa maji kabla hayajafika kwenye mashine. Mafuta yetu sisi yalikuwa makubaliano.

Basi tukachimba mfereji.

Na hapa tulifanya kosa ambalo nadhani ni watu wa huku tu wangelifanya. Tuna desturi ya ngwatio, ile kazi ya kusaidiana: leo wote tunalima kwako, kesho wote tunalima kwangu. Mfereji ungechimbwa hivyo, kila mtu angekuwa ameacha jasho lake kila mahali. Lakini ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa na watu walikuwa na haraka. Baba Kingori, jirani yetu ambaye shamba lake liko juu kabisa karibu na mto, akasimama kwenye mkutano akasema, "Kwani tunasumbuana ya nini? Mfereji ukipita kwa shamba yako, chimba hiyo kipande yako. Kila mtu abebe msalaba yake."

Tulipiga makofi. Kazi iliisha haraka sana. Hata mama yangu, na magoti yake yale, alichimba kipande chake kidogo kidogo na akakataa kusaidiwa.

Hatukujua kwamba tumegawana mfereji. Tulidhani tumegawana kazi.

Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, wakuu. Jioni ungeona akina mama wanateremka na mikebe yao kwenye kibanda cha Nyokabi, wengine wamekuja mapema ili wapige story tu. Cooler inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mama yangu akawa anajigamba, "Ng'ombe yangu siku hizi ni mfanyakazi wa ofisi. Iko na kazi ya asubuhi na iko na overtime."

Nyokabi alikuwa mtu mwingine. Tangu kaka yangu afariki sikuwa nimemwona akiimba akiosha mikebe.

Kisha kiangazi kikaja.

Kiangazi ng'ombe anataka majani, na majani yanataka maji. Mfereji nao unapita katikati ya mashamba yetu, umejaa. Baba Kingori ndiye alianza kutumbukiza mpira wa maji kwenye mfereji ili anyunyizie napier yake, yale majani ya ng'ombe. Nyokabi alipopanda kumuuliza, jibu lake lilikuwa fupi. "Hii kipande nilichimba na mikono yangu. Kwani nilikuchimbia wewe?"

Kwa kweli hakuwa mkorofi. Huku kwetu, tangu zamani, aliyechimba mfereji ana haki ya maji yake. Ni sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Wiki haikuisha kabla mipira haijajaa mfereji mzima, na mmoja wa hiyo ulikuwa wa mama yangu.

Hebu tazameni mkasa wenyewe. Maji yaleyale yalitakiwa yaoteshe majani ya ng'ombe, na yapoze maziwa ya ng'ombe huyohuyo. Hakuna aliyekuwa adui wa cooler. Kila mmoja alikuwa anatafuta maziwa.

(Naona kuna mkuu ameuliza mbona hatukuchota maji chini, baada ya turbine, yakiwa yameshafanya kazi. Swali zuri sana. Mashamba yako juu, turbine iko chini bondeni. Kuyapandisha maji tena kungetaka stima yote tuliyoizalisha na nyingine juu yake.)

Stima ikaanza kusuasua, tukaitana mkutano. Mimi mwenyewe niliombwa nieleze, na nilieleza vile nimewaeleza nyinyi. Tukakubaliana vizuri kabisa: mchana ni wa mashamba, jioni ni ya stima. Saa kumi alasiri kila mtu atoe mpira wake kwenye mfereji. Maziwa ya jioni yanaanza kuja saa kumi na moja, kwa hivyo tuliona tumejiachia nafasi.

Baba Kingori hakukosa la kusema. "Nyokabi, unataka maji ikuwe kama makurutu wa polisi kule Kiganjo? Ukipiga filimbi saa kumi, yote iingie laini?"

Watu wakacheka hadi wakashika viti.

"Wewe cheka, Baba Kingori," Nyokabi akajibu. "Maziwa yako ndiyo iko kwa hiyo cooler. Mimi sina hata ng'ombe."

Wakacheka tena, lakini saa kumi ya siku hiyo mipira ilitolewa.

Na stima haikuja.

Ilikuja baadaye, giza likiwa limeingia, na ilikuja dhaifu. Maziwa yalikuwa yamekaa kwenye cooler bila baridi. Asubuhi mnunuzi akayapima, akatikisa kichwa, akayaacha. Siku iliyofuata ikawa vilevile.

Wale wa juu walisema, "Sisi tumetoa saa kumi. Unataka tutoe nini tena, na meno?"

Nyokabi alisema kuna mtu anarudisha mpira kwa siri. Akaanza kuwatazama watu mikono, kama wana matope ama hawana. Akina mama wakaacha kukaa kwenye kibanda. Walikuwa wanamimina maziwa na kuondoka.

Mnunuzi akamwambia Nyokabi waziwazi kwamba yakikataliwa mara moja tena, basi.

Jioni hiyo Nyokabi aliangalia saa, akaona saa kumi imepita, akaona tangi la maji limekauka. Akachukua panga akapanda na mfereji kutoka chini kwenda juu. Sikuwepo, nilikuwa dukani, lakini nimesikia kutoka kwake na kutoka kwa mama yangu, na maelezo yao yanafanana.

Kila boma alilofika alikuta mpira uko nje ya mfereji, umelazwa kwenye nyasi, mdomo mkavu.

Akaamini wanapigiana simu. Kwamba wa chini anamwambia wa juu, "Anakuja, toa," na akipita wanarudisha. Kwa hivyo akawa anakata. Mpira baada ya mpira, vipande vipande, ili kusiwe na cha kurudisha.

Alipofika kwenye kipande cha mama yangu, mama alikuwa amekaa hapo hapo anachambua maharagwe.

"Nyokabi, huo mpira ni wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Na unaona iko kwa maji?"

"Iko nje sasa. Ilikuwa wapi nikiwa kule chini?"

Mama aliniambia kwamba hakujibu, kwa sababu alidhani Nyokabi ataona aibu mwenyewe na kupita. Nyokabi akaukata.

"Ati nikate ya watu niache yako? Watasema nini?"

Mama akaingiza maharagwe yake nyumbani akafunga mlango. Hawa ni watu waliokuwa wanakunywa chai kwenye sufuria moja kila asubuhi.

Kwa Baba Kingori hakufika. Alikutana naye njiani, amesimama na wanaume wawili, na mara hii hakukuwa na utani. Alisema neno moja tu: "Rudi." Kisha akaenda juu mtoni akafunga mlango wa maji, ule unaoyaingiza kwenye mfereji.

Maziwa ya jioni hiyo yaliharibika yote. Mnunuzi alitimiza aliyoyasema.

Nyokabi alikaa nyumbani siku chache bila kutoka. Kisha akafunga vitu vyake, akaenda Kagio kwa dada yake, akaanza kuuza nyanya sokoni. Mama hakumuaga, na yeye hakubisha hodi. Nilimpeleka hadi stendi. Njiani akasema, "Shem, hata mama."

Wiki kadhaa baadaye, kiangazi kikiwa bado kimekaza, ng'ombe wa mama alikuwa amebaki mifupa. Nikapanda kwa Baba Kingori nikamwomba afungue mlango wa maji mara moja tu, tunyunyizie majani kidogo. Alifungua papo hapo. Nadhani naye alikuwa amechoka na hasira yake.

Saa kumi hivi alasiri maji yakaingia kwenye mfereji mkavu, nami nikaanza kutembea nayo kuelekea nyumbani.

Wakuu, mmewahi kutembea na pua ya maji? Yaani ile ncha ya mbele kabisa, inayosukuma majani makavu na vumbi? Inakwenda, inafika kwenye ufa, inasimama, inanywewa. Unadhani imekufa. Inajaa, inavuka, inafika kwenye ufa mwingine. Jongoo alinipita, sitanii. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua mchana kutwa unanyonya kama mtu aliyetoka jela.

Nilikuwa natembea hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Jua likashuka nikiwa bado sijafika kwa mama. Na kutoka kwa mama hadi kwenye tangi bado kuna safari.

Hapo ndipo nilikaa chini kwenye ukingo.

Hakuna mtu aliyekuwa ameiba. Walitoa mipira saa kumi kama walivyoahidi. Lakini mchana wote mipira ya juu ilikuwa imekunywa kila kitu, na mfereji wa chini ukakauka. Saa kumi ilikuwa saa ya maji kuanza safari. Sisi tuliihesabu kama saa ya kufika.

Tungetoa mipira mchana, saa sita au saa saba, ingetosha. Ama tungekubali kijito kidogo kipite wakati wote, ili udongo usikauke. Jambo dogo hivyo. Halikuhitaji mhandisi wala mradi. Lilihitaji mtu mmoja atembee mfereji wote, mwanzo hadi mwisho, siku moja ya kiangazi.

Na hakuna aliyewahi kuutembea. Kwa nini autembee? Kila mtu alijua kipande chake. Kipande cha mwingine kilikuwa shamba la mwingine, na huingii shamba la mtu bila sababu. Hata Nyokabi siku ile aliutembea akitafuta wezi, na anayetafuta wezi hatazami udongo.

Nilimweleza mama. Akasema, "Mimi nilijua sikuiba. Nilifikiri ni wale wengine." Kumbe kila mtu kwenye mfereji alifikiri hivyo.

Siku ya soko nikaenda Kagio. Nilimkuta Nyokabi ameketi nyuma ya nyanya zake, amepanga mafungu vizuri kama kawaida yake. Alifurahi kuniona, akaniletea kigoda, akaniuliza habari za ng'ombe kabla ya kuuliza za watu.

Nikamweleza yote. Pua ya maji, nyufa, jua. Nilidhani nampelekea habari njema: kwamba watu wake hawakumgeuka.

Alinisikiliza huku akifuta nyanya moja kwa kitambaa, ileile moja, hadi ikang'aa.

"Kwa hivyo hawakuniibia."

"Hawakuiba, shem. Hata mmoja."

"Na mama?"

"Mama alitoa mpira wake kabla ya saa kumi. Ananiambia alikuwa anaogopa kusahau."

Akaiweka ile nyanya chini.

"Ni afadhali wangeiba," akasema. "Wangeiba, ningejua nitarudi siku wataomba msamaha. Sasa ni nani ataniomba?"

Mteja akaja akauliza bei, naye akasimama kumhudumia, na hatukulirudia tena jambo hilo. Nilipoondoka alinifungia nyanya nzuri kwenye mfuko. Hakusema ni za nani. Nilimpa mama, na mama hakuuliza zimetoka wapi. Alizipika.

Mvua iliporudi, ukingo wa mfereji ulibomoka mahali pamoja. Haukujengwa. Kipande kile ni cha mtu anayeishi Nyeri mjini, na kila ukigusia unaambiwa, "Hiyo si yangu." Siku hizi hakuna maji ya stima wala ya napier. Zamani Nyokabi ndiye alikuwa akihimiza watu wazibue takataka, kwa sababu ya cooler yake. Kumbe hata yale maji ya majani tuliyokuwa tunayagombania yalikuwa yanafika kwa sababu kuna mtu aliyetaka stima.

Mto bado uko pale chini. Unapita umejaa, unaenda zake.

Nilichojifunza ni hiki, na nawaomba mkichukue kwa moyo mweupe, kwa sababu miradi hii ni mizuri na sitaki mtu akate tamaa kwa ajili yetu. Mkichimba pamoja, chimbeni pamoja kweli, hata kama inachelewesha kazi, ili kusiwe na mahali ambapo mtu anaweza kusema si pangu. Mkipanga zamu za maji, pangeni kwa saa ya kufika. Na jambo likiharibika, fuateni maji kabla ya kumfuata mtu. Mara nyingi jirani yako anashangaa vilevile kama wewe.

Najua hapa kuna watu wa Kirinyaga, Meru, Othaya na kwingineko ambao wana mifereji na mashine kama yetu. Nyinyi mnagawanaje maji wakati wa kiangazi? Na kuna ambaye amewahi kurudisha mtu aliyeondoka kwa kosa ambalo halikuwa la mtu yeyote? Mama anazeeka, na nikiwa mkweli hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Niambieni bila kunipendelea, nitasoma kila jibu.

Na kama mfereji wenu bado unatiririka, tafadhali, wiki hii utembeeni wote, hata pale pasipo penu.